Shela si Pingu: Hukumu Isiyo ya Haki Dhidi ya Mary Clancy

Kuna usomaji wa ramsa za shule za watawa uliozoeleka mno hata haudaiwi tena ushahidi. Usomaji huo hushikilia kwamba msichana mtundu huingizwa katika hadithi ili achekeshe, kisha hufugwa ili hadhira irudi nyumbani imetulia. Filamu inayofaa kuupima usomaji huo ni The Trouble with Angels, iliyoongozwa na Ida Lupino mwaka 1966 kutokana na kumbukumbu za Jane Trahey. Mary Clancy, mhusika aliyeigizwa na Hayley Mills, anawasumbua watawa tangu siku ya kwanza hadi anapohitimu. Wenzake wanapoondoka, yeye anabaki ili awe mtawa. Papo hapo hukumu hutolewa kwamba uasi umeshindwa na taasisi imeshinda. Makala haya yanaipinga hukumu hiyo, tena yanaipinga kwa hoja zitokazo Kutus.

Kwanza, hukumu hiyo haiafiki filamu yenyewe. Ni kweli kwamba Mary na rafiki yake Rachel wanatia sabuni ya povu katika bakuli za sukari za watawa, na kwamba wanawatembeza wenzao kwa malipo katika sehemu ambazo wanafunzi wamekatazwa kuingia. Lakini utundu huo ni aina ya uchunguzi. Msichana anayewapeleka wengine wakachungulie vyumba vya watawa ni msichana anayetaka kujua kilichomo. Baadaye anayaona yale ambayo hakuna aliyemwamuru ayaone. Anamwona Mama Mkuu, aliyeigizwa na Rosalind Russell, akilia kando ya jeneza la mtawa mwenzake; anapata pia kujua kwamba mwanamke huyo aliwahi kuota kazi ya kubuni mavazi huko Paris, akaiacha kwa hiari yake. Hakuna anayemshawishi. Uamuzi wake unakomaa kimyakimya, hata Rachel anapoupata anajiona amesalitiwa. Aliyefugwa hawezi kumshtua rafiki yake wa karibu kiasi hicho.

Pili, hukumu hiyo inapuuza kanuni za fani. Ramsa, tangu zama za Wayunani, aghalabu hufungwa kwa arusi. Msichana anapoolewa katika onyesho la mwisho, wengi huita tukio hilo upatanisho. Mary Clancy anapochagua nyumba isiyo na mume, wao hao hutaja kushindwa. Hapana budi kuuliza ni kipimo gani kinachomhesabu bibi arusi kuwa huru na mtawa kuwa mfungwa. Yamkini kipimo hicho ni kile kile cha mfumo dume ambao mhakiki anadai kuupinga.

Tatu, na hili ndilo la msingi, hukumu hiyo haina historia. Kutus ni mji wa soko katika Kirinyaga, chini ya Kerugoya, kwenye njia ielekeayo mashamba ya mpunga ya Mwea. Leo una chuo kikuu. Umo katika ukanda wa Mlima Kenya ambao elimu yake ya wasichana haielezeki bila misheni. Wamisionari wa Konsolata waliingia nchi ya Wagikuyu mwaka 1902. Mwaka 1918, Askofu Filippo Perlo alianzisha huko Nyeri shirika la Masista wa Maria Imakulata kwa ajili ya watawa Waafrika. Msichana aliyeingia humo aliikataa ndoa, na kwa kuikataa aliizuia mahari isifike kwa baba yake. Aidha, kwa kuwa Wagikuyu huwapa watoto majina ya babu na bibi zao, alikatiza kurudi kwa majina ambayo wanawe wangeyabeba. Katika jamii hiyo, kuvaa shela ya utawa kulikuwa uasi usio na mzaha.

Wasomaji wa fasihi ya Kenya hawakosi mfano wa kuwafundisha jambo hili. Katika The River Between (1965), Ngũgĩ wa Thiong'o alimchora Muthoni, binti wa mhubiri Joshua, anayeiacha nyumba ya baba yake ili akatahiriwe, na hatimaye anafariki. Muthoni anaingia katika desturi inayoufunga mwili wake, lakini hasomwi kama mtu aliyesalimu amri tu. Husikilizwa sababu zake. Kwa nini Mary Clancy anyimwe usikivu huo? Muthoni alikimbia kanisa akaenda kwenye mila. Watawa wa kwanza wa Nyeri waliiacha njia ya mila wakaenda kanisani. Nyayo zinaelekea pande mbili, ila wote wanadai haki ya kuchagua nadhiri zao wenyewe.

Yupo atakayejibu kwamba utawa ulidai utii, na kwamba katika koloni amri za kanisa zilitoka kwa Wazungu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Uchaguzi wenye gharama haukomi kuwa uchaguzi.

Filamu ya Lupino ina udhaifu, lakini haumo pale ulipotafutwa. Mary Clancy hana wazazi. Mlezi wake ni George, ndugu wa mzazi wake. Kwa hiyo shela yake haimpotezei mtu yeyote kitu. Hakuna baba anayesimama langoni akidai bintiye, wala nyanya anayelilia jina lake. Lupino amempa mwasi wake uhuru baada ya kumwondolea waliokuwa na sababu ya kuupinga, na hapo ndipo kicheko kinapokuwa rahisi kupita kiasi. Mhakiki anayetaka kuishutumu ramsa hii aishutumu kwa kosa hilo. Asimlaumu msichana kwa kuwa alibaki. Aulize ni nani aliyeondolewa jukwaani ili kubaki kwake kusimuumize mtu.