Tuliuza Ujirani kwa Maua

Tusidanganyane. Ukisikia nchi zinajadiliana biashara huria, usifikirie Marikiti, pale mimi na wewe tunabishania bei ya nyanya mpaka mmoja achoke. Fikiria mwenye ploti akiita wapangaji mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Kabla hujakaa, ashajua ni nani kodi yake imechelewa.

Mkataba wa ubia wa kiuchumi, ile EPA, ulipangwa uwe kati ya Umoja wa Ulaya na Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima. Kwenye karatasi ilipendeza: kambi mbili, meza moja. Lakini Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilihesabiwa kati ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na Ulaya tayari ilikuwa inaziruhusu kuuza kwake kila kitu bila ushuru, isipokuwa silaha. Zisiposaini, hazipotezi kitu. Kenya, kwa kuwa eti imejikwamua kidogo, ndiyo pekee iliyokuwa na cha kupoteza.

Na Ulaya ilijua. Oktoba 1, 2014, Kenya iliondolewa kwenye orodha ya wanaoingiza bidhaa bila ushuru. Waridi za Naivasha zikaanza kutozwa. Mazungumzo yaliyokuwa yamesota miaka na miaka yakakamilika mwezi huo huo, na kufika Krismasi Kenya ikarudishiwa nafasi yake. Hayo ndiyo tunaita majadiliano.

Najua mtauliza: na wafanyakazi wa maua je? Ni swali la haki. Ni maelfu ya watu, wengi wao kina mama, na sitaki hata mmoja akose kazi. Ila mshahara wa mchuma maua hautajwi na mkubwa yeyote mwaka mzima, hadi siku kuna mkataba wa kusainiwa.

Julai 2016 Tanzania ikakataa kusaini. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa ameupinga waziwazi, akisema viwanda vyetu vichanga vitaumia. Septemba, Kenya na Rwanda zikasaini. Wengine wakakaa kimya. Februari 2021 wakuu wa nchi wakakubaliana kwamba anayetaka kuendelea aendelee, yaani kila mtu ajipange. Desemba 18, 2023, Ursula von der Leyen akiwa Nairobi, Kenya ikasaini peke yake. Mkataba ukaanza kazi Julai 1, 2024.

Hapa ndipo ninapokasirika. Umoja wa forodha maana yake ni ukuta mmoja na ushuru mmoja kwa bidhaa za kutoka nje. Kenya imetoboa mlango upande wake. Bidhaa ya Ulaya ikiingia Mombasa kwa ushuru uliopunguzwa, Tanzania na Uganda zina kila sababu ya kuuliza lori linalofika Namanga au Busia limebeba nini na kimetoka wapi. Na malori hayo ndiyo yanayobeba sabuni, mafuta ya kupikia na mabati, vitu ambavyo wasee wa Industrial Area wanavitengeneza kwa mikono yao. Uganda ni kati ya wateja wetu wakubwa kuliko wote. Tumembembeleza mnunuzi wa waridi tukamkera mnunuzi wa mabati.

Mtaambiwa soko litafunguliwa polepole, kwa miaka 25, na bidhaa nyeti zimelindwa. Ni kweli. Mimi niliacha chuo, sikuacha kusoma. Nimepitia mkataba wenyewe kwa simu, bando ikiisha. Ratiba ya ushuru haikunishtua sana. Kilichonishtua ni vifungu ambavyo hakuna anayevitangaza kwenye habari ya saa moja. Ukitaka kuweka kodi mpya kwa malighafi inayouzwa nje, tuseme ngozi mbichi, ili kiwanda cha viatu cha hapa kipate pumzi, sharti uiarifu Ulaya kwanza, iwe kwa bidhaa chache, tena kwa muda tu. Ukiingia mkataba na taifa lingine lenye biashara kubwa duniani ukalipa nafuu zaidi, Ulaya nayo inaipata.

Wakulima wadogo waliliona hili mapema kuliko sisi wa Twitter. Walienda Mahakama Kuu mwaka 2007, na 2013 mahakama ikaiagiza serikali iweke utaratibu wa kuwahusisha wananchi kwenye mazungumzo haya. Mtaani kwetu tumeitwa baraza la maji, la usalama, hata la chang'aa. La EPA, bado.

Januari 2025 Kenya ilisaini mkataba mwingine Abu Dhabi, na Muungano wa Falme za Kiarabu. Peke yake tena. Sasa rudi kwa kile kifungu cha nafuu: kama kuna kitu Falme zimepewa ambacho Ulaya haikupewa, Ulaya inaweza kukidai bila kuweka chochote mezani. Nauliza tu, waliokaa kwenye meza ya Abu Dhabi walikuwa wameusoma ule wa Nairobi?