Jina la Pekee Hutafsiriwa: Funzo la Battenberg

Imekuwa ada kwa wanafunzi wa tafsiri kukariri kwamba jina la pekee halitafsiriwi, eti kazi yake ni kutaja tu wala si kueleza. Kauli hiyo haina budi kutiliwa shaka, na historia ya jina Battenberg ni ushahidi tosha.

Battenberg ni mji mdogo kando ya mto Eder, katika jimbo la Hesse nchini Ujerumani. Sehemu ya mwisho ya jina hilo, berg, ni neno la Kijerumani lenye maana ya mlima. Mwaka wa 1851, Mwanamfalme Alexander wa Hesse alimwoa Julia Hauke, mwanamke asiyekuwa wa ukoo wa kifalme. Kwa kuwa ndoa hiyo haikumpa mke wala watoto hadhi ya baba, walitunukiwa cheo chenye jina la mji huo. Jina la mahali likawa jina la ukoo.

Mwana wao, Louis, alihamia Uingereza akapanda ngazi hadi akawa mkuu wa jeshi la wanamaji. Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Hata hivyo, vita vilipozuka mwaka wa 1914, asili ya Kijerumani ilimponza, akajiuzulu Oktoba mwaka huo. Julai 1917, Mfalme George wa Tano aliliacha jina la Kijerumani la ukoo wake akatwaa lile la kasri ya Windsor. Battenberg nalo likawa Mountbatten.

Njia hizo mbili hazilingani. Mfalme alibadilisha jina, Louis alilitafsiri. Berg iligeuzwa kuwa mount, ikahamishwa kutoka mwisho hadi mwanzo, kwani Waingereza hulitanguliza neno hilo kama Waswahili wasemavyo Mlima Elgon. Batten ikasalia ilivyo. Tafsiri hiyo nusu ilimsitiri Mjerumani mbele ya umma, huku ikiuhifadhia ukoo chimbuko lake. Mjukuu wake, Philip, alilitwaa jina hilo mwaka wa 1947, kabla ya kumwoa Elizabeth, malkia wa baadaye.

Ni wazi kwamba jina hubeba maana, nasaba na siasa. Mfasiri anayelivusha bila kulichunguza huenda akaiacha nyuma nusu ya habari.