Ndoa Isiahirishwe kwa Ajili ya Maua

Siku hizi kamati ya harusi huzungumzia mapambo kabla wachumba hawajaanza mafundisho ya ndoa. Mpambaji huleta picha: upinde mlangoni, vitambaa hadi darini, maua ya plastiki ya kukodi. Michango isipofikia picha hiyo, harusi huahirishwa. Ikiahirishwa mara mbili, tatu, vijana huanza kuishi pamoja bila baraka, wakisubiri fedha. Wapendwa, dhambi hiyo ni yao peke yao?

Sipingi maua. Bwana mwenyewe, alipotufundisha tusihangaikie mavazi, alituelekeza kwenye maua ya kondeni, si kwenye hazina ya Sulemani. Ninachopinga ni maua yanayomzuia mtu kufika madhabahuni.

Tazameni gladiola. Wengi hudhani ni ua la Ulaya, kumbe aina zake nyingi asili yake ni Afrika. Mojawapo, Gladiolus dalenii, huota yenyewe hapa Afrika Mashariki, nayo ni miongoni mwa wazazi wa gladiola za bustanini. Tunguu lake likipandwa huchanua baada ya takriban miezi mitatu. Jumuiya ikijua mapema kuna harusi, inaweza kuyapanda yenyewe.

Tena ua hili hufunguka kuanzia chini kwenda juu, tumba moja baada ya jingine. Likikatwa matumba ya chini yanapoanza kuonyesha rangi, likawekwa majini, litapamba ndoa ya Jumamosi na kuendelea kuchanua katika ibada ya Jumapili. Yale ya kukodi hurudi ghalani jioni ileile.

Wapo watakaosema, "Tutachekwa." Na nani, kama si sisi wenyewe tuliokaa kwenye viti? Kule Kana divai ilipokwisha, Bwana aliwasitiri wenye harusi. Sisi huwaaibisha wetu kwa kukosa vitambaa, kisha tunawashangaa wakikaa mbali na kanisa.

Wazee wa kanisa na walitamke hili waziwazi: ndoa isiahirishwe kwa ajili ya mapambo. Ndoo mbili za gladiola mbele ya madhabahu zatosha. Fedha iliyobaki inunue godoro na sufuria, ilipe kodi ya nyumba ya miezi michache. Maua yoyote, ya ghali na ya bei nafuu, yatanyauka. Deni la harusi halinyauki. Huhamia na maharusi nyumbani kwao.