Bi Harusi, Laini Usiivunje

Leo tunakuja na hasira kidogo, mtusamehe.

Sisi ni mafundi cherehani wa Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Mwaka juzi tulimshonea bi harusi wa Njombe, mwenyewe muuza vitenge. Juzi tumempigia tumpe wateja, kapokea mwanamume hatumjui. Anasema namba ni yake, kainunua dukani. Kumbe baada ya ndoa mume alitaka mambo ya usichana yaishe, laini ikavunjwa.

Tulipokuwa wadogo simu ilikuwa ya nyumba. Ilikaa kwa mwenye duka, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto anatumwa mbio: "Mama fulani, unaitwa kwenye simu!" Njombe 026, Unguja 024, na zilizofuata tulizijua kwa kichwa. Hata za mkononi zilipobadilishwa, 0747 ya Zantel ikawa 0777, 0744 ya Vodacom ikawa 0754, mkia ulibaki uleule na watu walipatikana. Leo tuulizane: namba ya mama yako unaijua bila kufungua simu?

Siku hizi tukigombana, laini mpya. Bando la kwingine likiwa rahisi, laini mpya. Na tangu 2017 unaweza kuhama kampuni na namba yako ileile!

Lakini hili la maharusi ndilo linalotuuma. Laini ya leo imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Humo mna pesa zako, wateja, kikoba, na watu unaowadai. Dini imemwachia mke mali yake, mume haigusi bila ridhaa. Sasa mtaji wote umo kwenye laini, anaivunjaje?

Atasema anaogopa wanaume wa zamani. Basi wafungiwe hao, kublock mtu hata sisi wa vyerehani tunajua. Shangazi wa Wanging'ombe mwenye kisimu cha tochi, anayebip ili apigiwe, yeye kakosa nini? Udugu tumeamrishwa kuuunga, na yeye namba anayo ileile moja, kaandikiwa kwenye karatasi.

Bi harusi wetu tumempata kupitia kwa mama yake, ambaye namba yake tuliiandika kwa kalamu kwenye daftari la vipimo. Wateja wa vitenge walishakwenda kwa mwingine.