CHUMA KIMO MKONONI, KARATASI YASEMA KIDONDA TU



Mwenzetu mmoja alikuwa akikata chuma kwa grinda kwenye mjengo wa ghorofa huko Kileleshwa. Kipande kikaruka, kikamwingia kiganjani. Nyapara akampa nauli, akaenda zahanati, akashonwa. Kwenye karatasi yaliandikwa maneno matatu: kidonda cha mkono. Basi. Hapana chuma, hapana grinda, hapana mjengo. Miezi 8 baadaye mkono ukavimba, na eksirei ikaonyesha chuma kimelala ndani ya nyama. Alipokwenda kwa tajiri akajibiwa, "Hicho umekipata kwenu Kawangware, ukitengeneza baiskeli."

Tajiri huyo ni mwongo, lakini karatasi ndiyo iliyompa nafasi.

Wako wanaosema haya ni mambo ya makarani. Sivyo! Hospitalini maneno ya daktari hugeuzwa kuwa namba. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani kilichotumika miaka mingi ni ICD-10, na kipya, ICD-11, kilianza mwaka 2022. Katika ICD-10 kidonda cha mkono ni S61. Kitu kilichopenya ngozi ni W45, na nyuma yake huongezwa 6 ikiwa ni kiwandani au kwenye ujenzi, na 2 ikiwa mtu alikuwa kazini kwa mshahara. Hizo namba mbili ndogo ndizo shahidi wetu. Lakini karani ataziandikaje, ikiwa daktari amenyamaza?

Tena mwenzetu aliporudi na uvimbe aliandikwa M79.5, yaani kipande kilichobaki ndani ya nyama. Namba hiyo haimo katika sura ya majeraha, imo katika sura ya maradhi ya misuli na mifupa. Mmeona? Ajali imegeuzwa maradhi, na tajiri ametoka mlangoni akipiga mluzi.

Sheria iko, ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Tajiri akipata habari ya ajali lazima ampashe Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Na madai yapelekwe katika miezi 12, nayo huhesabiwa toka siku ya ajali, si toka siku chuma kilipoonekana.

Sisi nasi tuna lawama. Mafundi wa fanicha wa Ngong Road wakichomwa na kibanzi cha mbao hukichokoa kwa sindano, wakafunga kitambaa, kazi ikaendelea. Chuma huonekana kwenye eksirei, na vioo vingi pia, lakini mbao mara nyingi haionekani. Basi mwambie daktari kuwa ni mbao, umwulize habari ya ultrasaundi. Na sindano ya pepopunda usiikimbie, hata ukiwa mzee wa kazi.

Twadai kila karatasi itaje kitu gani kiliingia, wapi, kimetoka chote au kimebaki, na mtu alikuwa akifanya kazi gani na mahali gani. Asiyejua kusoma asomewe kabla ya kutia dole gumba.

Mwenzetu wa Kileleshwa amebakiwa na miezi 4 tu. Wote waliokuwa naye siku ile waje ofisini kwa katibu kabla ya Jumamosi, hata wale walioachishwa kazi.