Waranti Mbili

Kiswahili cha mjini hapa kinatumia neno moja kwa vitu viwili visivyopatana. Waranti ni karatasi anayoleta afisa akitaka kupekua nyumba yako, na lazima iwe na sahihi ya hakimu. Waranti pia ni karatasi anayokupa muuza gari, akikuahidi kwamba injini ikikufia ndani ya miezi sita atakutengenezea. Ya kwanza inamzuia mwenye nguvu asiingie kwako ovyo. Ya pili ndiyo inayomfungulia mlango. Nimekaa na hii ya pili mezani wiki nzima na ninaandika nikiwa na hasira. Nasema mapema, usije ukatarajia nipime pande zote kwa mizani ya dukani.

Ninachodai hata si kikubwa. Chombo chochote kinachonasa mwenendo wa gari kimjibu kwanza anayeliendesha na anayekilipia. Hapa Nairobi kinamjibu kila mtu isipokuwa yeye.

Vifaa vyenyewe watu huvichanganya. Ndani ya magari mengi ya kisasa, kwenye kompyuta inayofungua eabegi, kuna kinasa kidogo cha ajali. Gari likigonga kitu, kinahifadhi sekunde chache za kabla ya kishindo: mwendo ulikuwa kiasi gani, breki ilikanyagwa au la, mkanda ulifungwa au la. Kwa miaka mingi kanuni ya Marekani ilikuwa sekunde 5. Ulaya imekifanya cha lazima kwa magari mapya yote tangu Julai 2024. Kinasa hiki hakitumi kitu popote. Anayetaka kukisoma huja na waya na mashine yake. Na mwaka 2015 Bunge la Marekani, ambalo kwa kawaida halina huruma na faragha ya mtu, lilipitisha sheria kwamba yaliyomo humo ni mali ya mwenye gari au aliyelikodi, na mwingine asiyachukue bila idhini yake au amri ya mahakama, ukiacha vighairi vichache.

Kifaa cha pili hakingoji ajali. Kina laini ya simu ndani yake na kinaongea mchana kutwa. Machi 2024 gazeti la New York Times lilieleza jinsi General Motors ilivyokuwa ikipeleka mienendo ya madereva wake, breki za ghafla na mwendo wa kasi na kadhalika, kwa makampuni yanayokusanya data, nayo yakawauzia watu wa bima. Kuna waliogundua jambo hilo baada ya bima yao kupanda bila sababu waliyoijua. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuizuia kampuni hiyo kwa miaka 5 kuwapa wakala wa aina hiyo data hizo. Na kabla ya hapo, mwaka 2023, shirika la Mozilla lilikuwa limechunguza chapa 25 za magari kuhusu faragha. Zote 25 zilifeli. Yaani ile sheria ya 2015 ililinda sekunde 5 na ikaacha saa 24 zote wazi.

Sisi Kenya kifaa tunachokijua ni hiki cha pili. Tunakiita traka.

Matatu ndizo zilizozoeshwa kwanza. Kanuni za Michuki za mwaka 2004 zilileta kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na baadaye serikali ikataka vidhibiti vinavyonasa mwendo na kuutuma kwa NTSA. Sina ugomvi na hilo. Aliyebeba abiria 14 ana deni kwa watu 14, na kanuni ilitangazwa hadharani, tukabishana nayo redioni na kwenye stage mpaka tukachoka. Traka ya gari la mkopo haikujadiliwa na mtu. Iko kwenye mkataba, kurasa za nyuma, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: mkopaji atakubali kifaa kifungwe, atalipia kifaa, atalipia laini kila mwaka, hatakigusa, hatakiondoa, na kampuni inaweza kuzima injini kutoka mbali. Kilimani ukisimama mbele ya Yaya Centre jioni na kuhesabu magari madogo yanayopita, mengi yana kitu hicho chini ya dashibodi. Langu pia.

Nililinunua yadi moja ya Ngong Road. Limetoka Japani likiwa limetumika, chini ya miaka 8 kama sheria inavyotaka, na hadi leo linanisalimia kwa Kijapani kila asubuhi. (Ukibonyezabonyeza ramani yake utaona nyumbani kwa mwenyewe wa kwanza, imewekewa alama katika mji nisioujua. Naye hakuna aliyemuuliza.) Yadi ilinipa waranti ya miezi sita, injini na gia. Kampuni ya mkopo ikamtuma fundi wake palepale yadini, kabla sijakabidhiwa ufunguo. Alifunga traka kwa dakika kama ishirini, muuzaji amesimama kando anakunywa soda. Shilingi 18,000, zikaongezwa kwenye mkopo, kwa hiyo nazilipia riba.

Mwezi wa nne gari likaanza kugoma asubuhi. Betri imekauka. Mara ya tatu kumwamsha jirani aniwashie kwa gari lake niliona haya, nikaita fundi wangu wa umeme. Akalala chali chini ya usukani, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Dadangu, hebu ona kazi hii." Waya wa traka ulikuwa umeunganishwa na wa swichi ya kuwashia kwa utepe tu, nusu umeungua, unavuja umeme usiku kucha. Hakuugusa. Alipiga picha.

Nikarudi yadini na picha. "Madam, waranti imeisha. Nyaya zimeguswa."

"Zimeguswa na fundi wa mkopo, hapa kwenu, wewe ukiwa umesimama hapo."

"Hiyo sasa ni yao. Sisi tukiona nyaya zimekatwa, waranti imekufa."

Nikapiga simu kwenye kampuni ya mkopo. Kijana mpole sana, akaniita Madam mara sita, akaniambia nisithubutu kutoa kifaa kwa sababu huko ni kuvunja mkataba, na gari linaweza kuchukuliwa. Kwa hiyo waranti yangu imekufa kwa kuwa nyaya zimeguswa, na mkataba wangu utakufa nikizigusa. Nikamwomba kitu kimoja. Traka hizi hunasa volti za betri pamoja na mahali gari lilipo. Nipe rekodi tangu siku ya kwanza, itaonyesha betri ilianza kushuka lini, nami nitaipeleka yadini. Akaenda kuuliza, akarudi. "Madam, data ni mali ya kampuni."

Hapo ndipo nilipoacha kuongea kwa upole.

Kwa sababu wiki mbili kabla, mtu wa kampuni hiyohiyo alinipigia "kunikumbusha" malipo ambayo yalikuwa bado siku tano, na katika mazungumzo akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, "naona leo uko Kikuyu, umeenda kusalimia wazee?" Nilikuwa kwa mama. Mimi ni mwanamke ninayeishi peke yangu kwenye ghorofa karibu na Kirichwa Road, na mtu nisiyemjua uso anajua kwa mama ni wapi, na saa ngapi usiku gari langu huzimwa kwenye geti. Data hiyo ilipomfaa yeye ilikuwa habari ya kupiga gumzo. Iliponifaa mimi ikawa siri ya kampuni.

Wacha nisome sheria, maana tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya faragha, ikiwemo habari za familia yake na mambo yake binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo lazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inapoeleza mtu anatambulikaje, inataja waziwazi data ya mahali alipo. Kifungu cha 26 kinampa mwenye data haki ya kuambiwa itatumiwaje, kuipata kutoka kwa anayeitunza, kupinga matumizi yake, na kutaka ya uongo isahihishwe au ifutwe. Kanuni za 2021 zinasema ukiomba kuona data yako upewe ndani ya siku 7, bila malipo. Sijaona mahali palipoandikwa "isipokuwa kijana wa simu akisema ni mali ya kampuni".

Na Ofisi ya Kamishna wa Data haijalala kabisa. Septemba 2023 ilitoza faini Casa Vera, kilabu cha hapa Ngong Road, shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Siku hizohizo ikatoza kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, 2,975,000. Picha moja ya mtu akiburudika ni karibu milioni mbili. Miezi kumi na tano ya ramani ya maisha yake je? Lakini tusijidanganye kuhusu ukali wa sheria yenyewe. Faini ya juu kabisa ni shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita, na sheria inasema itumike iliyo ndogo. Iliyo ndogo! Nani aliandika hivyo akiwa macho?

Najua jibu la upande wa pili kwa sababu nimeambiwa na rafiki zangu mwenyewe. Magari yanaibwa Nairobi, na traka imerudisha mengi. Kweli. Mkopeshaji ameweka pesa yake, lazima ajue dhamana iko wapi. Kweli pia, na siku nikikosa kulipa miezi mitatu aje alitafute. Lakini kutafuta gari lililopotea ni jambo moja, na kunifuata mimi ambaye sijapotea wala sidaiwi ni jambo jingine kabisa. Benki inayonikopesha nyumba haiweki kamera chumbani kwangu ili kuhakikisha kuta bado zipo. Na hili la kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa, mwambieni aliyeandika mkataba kwa herufi za sisimizi.

Walio pabaya kuliko mimi ni madereva wa teksi za apu. Gari si lao, mkopo si wao, lakini safari zote ni zao. Mwenye gari amelala South B na simu mkononi, anaona doa dogo limesimama pale Adams Arcade. "Mbona umekaa hapo dakika arobaini? Hesabu yangu itatoka wapi?" Jamaa alikuwa anakula. Mmoja alinisimulia kwamba gari lilizimwa akiwa foleni Argwings Kodhek, mteja ndani, kwa sababu mwenye gari alikuwa na deni ambalo dereva hakuwahi kulisikia. Kuzima injini ya gari lililo barabarani ni kuhatarisha watu wasiohusika na mkataba wowote, na ingekuwa haki kulishughulikia kama kosa la trafiki, si kama huduma kwa mteja.

Wala msinielewe vibaya, mimi si adui wa kinasa. Hiyo Argwings Kodhek ina jina la mtu aliyekufa juu yake. C.M.G. Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini na waziri wa mambo ya nje, alifia hapo Januari 1969, ilipokuwa bado inaitwa Hurlingham Road. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Wengi hawakuamini wakati ule na hawaamini leo. Agosti 1990 Askofu Alexander Muge alifia barabarani akirudi kutoka Busia, siku chache baada ya waziri kumtishia hadharani kwamba akikanyaga huko hatatoka hai. Ajali, tukaambiwa tena. Nchi yenye historia hii ndiyo inayohitaji sana kinasa kinachosema gari lilikuwa na mwendo gani na nani alikanyaga breki. Lakini kinasa ambacho ufunguo wake uko kwa mwenye nguvu peke yake kitasema anachotaka yeye, au kitapotea siku kinapohitajika. Familia ya aliyekufa ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza kukisoma.

Kwa hiyo muuzaji akikataa waranti, aweke mezani rekodi aliyoitegemea, na mteja aweke yake. Aliyelipia kifaa apewe neno la siri la kuingia kwenye akaunti yake, aone kila wanachokiona wao na nani alikiangalia lini. Wabunge wetu wakipata nafasi waondoe lile "iliyo ndogo" waandike "iliyo kubwa". Ni neno moja tu, halitachukua mchana mzima.

Nimepeleka ombi langu kwa maandishi, nakala mbili, nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Leo ni siku ya kumi na moja. Gari nalizima kila usiku na kuchomoa waya wa betri kwa spana namba kumi, ambayo sasa inakaa kwenye mkoba wangu pamoja na funguo. Mkopo unaisha Machi. Nimeuliza kifaa kitatolewa na nani, na rekodi itafutwa lini. La pili halijajibiwa. La kwanza nimejibiwa kwa ujumbe wa simu: kutoa ni shilingi 3,500, nilipe kabla ya fundi kuja.