Tuchimbe Ndiva Nyingine

Ndugu zangu wa Same, wa tambarare na wa milimani,

Mwaka 1954 watafiti wa malaria kutoka Amani, kule Usambara, walianza kazi kubwa katika tambarare za Upare na ng'ambo ya mpaka, Taveta. Iliitwa Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta. Nyumba zilipuliziwa ndani dawa ya dieldrin, awamu baada ya awamu, hadi mwaka 1959. Watoto walitolewa damu vidoleni, mbu wakakamatwa na kuhesabiwa, vizazi na vifo vikaandikwa. Matokeo yalikuwa makubwa. Vimelea vya malaria vilipungua sana katika damu ya watoto, mbu aina ya funestus nusura watoweke, na vifo vya watoto wachanga vikashuka. Wataalamu wa malaria duniani walisoma habari za Upare, na wengine wanazisoma hadi leo.

Kisha upuliziaji ukasimama. Watafiti waliendelea kuja kupima katika miaka ya 1960, na walichokuwa wakikipima ni malaria inayorudi. Ilirudi polepole, lakini ilirudi.

Sisemi haya kuwalaumu. Walikuwa na swali lao: je, malaria inaweza kukomeshwa mahali inapoambukiza mwaka mzima, na dawa ikisimama kutatokea nini? Walilijibu kwa uaminifu. Lakini swali la mama wa Kisiwani au Ndungu, kwamba mwanangu atakayezaliwa mwaka 1962 atalindwa na nini, na kwa bei ninayoimudu, halikuwa la kwao. Kuta zilikuwa zetu na damu ilikuwa yetu. Fedha haikuwa yetu, ndiyo maana siku ya kuanza na siku ya kumaliza hazikuamuliwa na sisi.

Miaka zaidi ya sitini baadaye tumefundishwa somo lile lile. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Kazi za kupambana na malaria zilizolitegemea zikayumba, katika nchi nyingi za Afrika na kwetu pia. Uamuzi ulipitishwa Washington, na hakuna kijiji kilichoulizwa. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo, na sisi tumekaa na nguo ya kuazima muda mrefu mno.

Ninachowaomba ni kimoja. Tuanze kuchangia wenyewe utafiti wa dawa, vipimo na vifaa vya tiba ambavyo mkulima na mfugaji wa wilaya hii anaweza kuvinunua. Tuanze na kidogo, lakini kiwe chetu.

Najua wapo watakaosema utafiti ni mambo ya maprofesa, sisi tunataka dawa zahanati. Dawa hizo zimetoka wapi? Tazameni chandarua. Watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, tawi la Mwanza, na wa Chuo cha KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa London, walilinganisha aina za vyandarua wilayani Misungwi, kwa sababu mbu walikuwa wamezoea dawa ya zamani. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Chandarua chenye dawa mbili, pairethroidi na klofenapiri, kilipunguza ugonjwa wa malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, ukilinganisha na chandarua cha kawaida. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likakipendekeza. Bila utafiti ule tungeendelea kugawiwa vyandarua ambavyo mbu wameshavizoea, na tungewalaumu akina mama kwamba hawavitumii vizuri. Kazi ilifanywa na Watanzania, nchini Tanzania. Fedha zilitoka Uingereza.

Vivyo hivyo kwa Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Alibuni chujio la kusafisha maji kulingana na uchafu wa mahali husika, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, pauni 25,000. Tuzo hiyo hutolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Akili tunazo, na ziko mwendo wa saa chache kutoka hapa Same. Kinachokosekana ni mwenye fedha anayeuliza maswali yetu.

Nitoe mfano wa swali ambalo hakuna tajiri wa mbali atakayelishughulikia kwa ari kama sisi: sumu ya nyoka.

Anayepalilia mahindi Makanya, anayevuna mpunga Ndungu, mtoto anayechunga mbuzi kuelekea Mkomazi, wote wanakanyaga ardhi ya kifutu, swila na koboko. Panya hufuata nafaka, na nyoka humfuata panya. Kifutu akiuma, mguu huvimba na nyama huweza kuoza hadi mtu akakatwa mguu. Koboko huua kwa kuzuia pumzi. Wanaoumwa ni wakulima na wafugaji, watu wasio na sauti sokoni, na hiyo ndiyo sababu ya msiba wao wa pili. Kampuni ya Ufaransa, Sanofi, ilikuwa ikitengeneza Fav-Afrique, dawa iliyofanya kazi dhidi ya sumu ya nyoka kumi wa Afrika. Iliacha kuitengeneza mwaka 2014, kwa kuwa biashara hiyo haikuilipa. Vichupa vya mwisho viliisha muda wake katikati ya mwaka 2016. Katika masoko ya Afrika zikaingia dawa za bei nafuu, nyingine zikiwa zimetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia, ambazo kwa nyoka wetu zinaweza zisifue dafu. Ni mwaka 2017 tu Shirika la Afya Duniani lilipoliingiza tatizo hili katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Mgonjwa wetu bado anafungwa jiwe jeusi kwenye jeraha huku familia ikitafuta nauli ya bodaboda, na jiwe hilo halitoi sumu.

Dawa hii hutengenezwa kwa kumchoma farasi au kondoo kiasi kidogo sana cha sumu, mara nyingi, hadi mwili wake utengeneze kinga. Kinga hiyo hukamuliwa kutoka kwenye damu yake na kusafishwa. Elimu yake imejulikana tangu karne ya 19. Ugumu wake ni kwamba lazima sumu iwe ya nyoka wa mahali mgonjwa alipo, na lazima ijulikane nani anaumwa, wapi, na nyoka gani. Mambo hayo hayawezi kutafitiwa Paris. Yanatafitiwa Hedaru.

Kosta Rika ni nchi ndogo ya wakulima wa kahawa na ndizi, yenye watu kama milioni tano. Mwaka 1970 walianzisha Taasisi ya Clodomiro Picado, ambayo leo iko chini ya chuo kikuu chao cha umma. Wakakusanya nyoka wao, wakatengeneza dawa yao, na vifo vya kuumwa na nyoka vikawa nadra kwao. Baadaye taasisi hiyo hiyo ikatengeneza dawa dhidi ya nyoka wa Nijeria. Hawakungoja watajirike kwanza. Jirani zetu wa Kenya nao tayari wana kituo cha utafiti wa sumu za nyoka Nairobi.

Simwambii mtu kwamba Same itajenga kiwanda cha dawa kwa michango ya vijiji. Ningekuwa nawadanganya. Nasema tulipe ile sehemu ya kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya, ili siku wataalamu wa KCMC, Muhimbili, Sokoine au NIMR watakapoketi kupanga utafiti, Same iwe mezani ikiwa na takwimu zake, fedha yake na masharti yake.

Watu wa Upare hatuhitaji kufundishwa namna ya kufanya jambo kwa pamoja. Zitazameni ndiva zetu, mabwawa ya kumwagilia mashamba. Maji ya kijito hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa kwa zamu, na anayetaka maji shambani huitikia msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji na kuondoa tope. Asiyekuja hulipa faini. Hakuna mfadhili aliyewafundisha wazee wetu utaratibu huo, na umevumilia machifu, ukoloni na uhuru. Mfuko wa utafiti ni ndiva nyingine. Kijito chetu cha fedha ni chembamba, lakini kikiachwa kijae usiku, asubuhi kitanywesha shamba.

Na hatuhitaji kufundishwa kukataa mchango usioeleweka. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka hadi bomani Same kupinga kodi ya mbiru, ambayo mtu alipangiwa kiwango bila kujua kimepimwaje. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliiandika historia hiyo vizuri. Wanawake nao walijitokeza, mapambano yakachukua miaka, na mwishowe kodi ile ikaondolewa. Ndiyo maana nasema mfuko huu usipokuwa wazi, msiuchangie. Kila shilingi iliyoingia na iliyotoka ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji na isomwe kwenye mkutano.

Fedha zitoke wapi? Sheria tayari inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kumbe kutenga kunawezekana. Naomba Baraza la Madiwani la Same litenge nusu ya asilimia moja kwa utafiti wa afya. Ninyi wakulima wa tangawizi wa Mamba na Myamba, mkikubaliana katika ushirika wenu kukata shilingi tano kwa kila kilo, mtakuwa mmefanya jambo ambalo wengi wanaowazidi utajiri hawajalifanya. Na ninyi mlioko Dar es Salaam, mnaopanda mlimani kila Desemba na magari yaliyojaa, tengeni mafuta ya safari moja.

Fedha ya kwanza iende kwenye kitu kidogo kinachoonekana. Kila mganga mfawidhi wa zahanati aandike kwa ukamilifu kila mtu aliyeumwa na nyoka: mahali, saa, nyoka ikiwa ameonekana, tiba aliyopata na mwisho wake. Vitabu vya MTUHA, vya kuandikia taarifa za afya, tayari vipo. Inahitajika karatasi moja ya ziada na mtu wa kuzikusanya. Kisha tumsomeshe kijana mmoja, wa kike au wa kiume, shahada ya uzamili, akiwa na sharti kwamba utafiti wake uwe juu ya swali hili na ufanyike hapa. Kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na cha maadili ya utafiti wa tiba kifuatwe, tusiruke hatua. Na yeyote atakayetumia damu, takwimu au nyoka wetu atie saini kwamba kitakachopatikana kitauzwa hapa kwa bei ambayo zahanati ya kijiji inaimudu.

Haya hayaiondolei serikali deni lake. Mwaka 2006, Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo, na Tanzania haijafika hapo. Tangu mwaka 1986 sheria ya COSTECH inatambua mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE. Wabunge wetu wa Same Mashariki na Same Magharibi waulizwe, kila wanapokuja kwetu, wamesema nini bungeni kuhusu mfuko huo. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Nani atailipia bima hiyo ikiwa kila kichupa kinanunuliwa kwa fedha za kigeni kwa bei aliyoipanga mtu mwingine? Lakini swali letu kwa mbunge litakuwa na uzito zaidi tukimwonyesha risiti zetu kwanza.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Unaofuata nenda, na usikae nyuma. Omba ajenda hii iandikwe kwenye muhtasari: kijiji kinapendekeza mfuko wa utafiti wa afya wa wilaya. Hakikisha muhtasari huo umefika kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na muulize diwani wako ameupeleka lini halmashauri. Bajeti ya mwaka ujao hupitishwa na madiwani mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Julai kufika. Vijiji kumi vikileta muhtasari mmoja, hakuna baraza litakaloweza kusema halikusikia.